Bega la Mbuzi Ndani ya Kaniki

Nilianguka kutoka juu ya paa bapa la tembe, nyumba yetu ya udongo, nikianika uwele, mwaka ule Wajerumani walipokuwa wakitandika reli kutoka Zuzu kwenda Bahi. Sikuvunjika, lakini tangu siku hiyo mkono wangu wa kulia ulikataa kupanda kupita kifua. Nami nilikuwa na mtoto wa miezi mitano. Sikuweza kumbeba mgongoni. Wifi yangu ndiye aliyembeba, na mtoto akaanza kunyamaza kwake na kulia kwangu. Sitasema uongo: nilimchukia wifi yangu, maskini, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Mume wangu alikuwa kibarua wa reli, na kwake dawa ya kila kitu ilikuwa nguvu. Akaniletea mwenzake mwenye mikono kama michi anikande. Yule bwana alinivuta mara moja tu, nikazirai. Kesho yake mkono haukufika hata kifuani.

Ndipo tukasikia habari za mama mmoja wa mjini, Mwislamu, aliyetembea na misafara miaka mingi pamoja na mumewe mpagazi. Kila kambi alikuwa akiwakanda wapagazi mabega. Siku alipokuja kwetu alimwamkia baba yangu, "Shikamoo, baba." Baba akatazama pembeni. Kiswahili alikisikia kidogo, ila salamu za pwani hazikuwa zimewahi kumtoka mdomoni.

Badala ya kuitikia, alimpa mtihani. Sisi wafugaji tunaujua mwili kwa kuchinja, na baba hakuamini kwamba mtu anaweza kuujua kwa njia nyingine. Alichinja mbuzi, akalifunga bega zima ndani ya kaniki, nyama yake ikiwa bado ya moto, akamwekea yule mama mapajani.

"Mwambie anipe habari za mbuzi huyu," alimwambia mume wangu.

Nilitamani ardhi inimeze. Mgeni wa watu! Lakini yule mama hakukasirika. Alipitisha vidole juu ya nguo polepole, akarudi, akasimama mahali pamoja.

"Huyu alivunjika akiwa mdogo," alisema. "Mfupa ulijiunga wenyewe, ukaacha kinundu."

Baba alichukua kisu, akakwangua nyama. Kinundu kilikuwa pale pale, kidogo kama punje ya mbaazi. Mbuzi yule aliteleza korongoni akiwa bado ananyonya. Baba alimfunga mguu mwenyewe huko machungani na hakuwa amemwambia mtu yeyote mpaka siku ile.

Yule mama alinikanda kwa mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto. Hakuanza begani. Alianza shingoni, akashuka ubavuni, akaniuliza kila mara kama naumia. "Kukanda si kuponda, mwanangu," aliniambia. "Kazi yangu ni kulegeza misuli na kukurudishia usingizi. Ungekuwa umevunjika, nisingekugusa." Nililala mchana ule kama mtu aliyekunywa pombe. Sikujua kuwa mikono ya binadamu inaweza kufanya hivyo bila dawa wala mganga.

Alikuja kila baada ya siku tatu. Kabla ya kuondoka alinisimamisha mbele ya ukuta, nitambaze vidole juu hadi vinapogoma, kisha anapaka jivu pale. Kesho yake niipite alama ile hata kwa upana wa ukucha. Nilimtukana moyoni, lakini nilipanda. Alama zilifika kwenye boriti wakati uwele mpya ulipoanza kuchanua.

Siku hiyo nilimchukua mtoto kwa wifi yangu, nikamrusha mgongoni na kufunga nguo kwa mikono yangu miwili. Alilia, akanichezea nywele, akanyamaza. Nikatoka naye uani nikilia mimi sasa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Baba alikuwa amekaa na wazee wenzake. Aliniangalia, akamwangalia yule mama nyuma yangu, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake wa kwanza. Kisha akainuka, akavua kofia.

"Shikamoo," alisema.