Jiko la Ercilia

Pwa!

Sauti hiyo ilimkaa Ercilia masikioni kwa miaka ishirini na mitatu: mpira wa besiboli ukitua ndani ya glavu iliyotengenezwa kwa boksi la maziwa lililokunjwa. Wakati huo mwanawe Radhamés alikuwa na miaka saba, naye mama mtu alichuchumaa uani kumdakia. Hapakuwa na mwingine wa kumdakia.

Jumapili hii mwanawe alikuwa akirusha uwanjani, mitaa mitatu tu kutoka nyumbani. Ercilia hakwenda. Alibaki jikoni, redio dirishani, akikaanga yanikeke, vile vimkate bapa vya unga. Alisukuma donge la unga hadi likawa jembamba, akalichana katikati, akalitumbukiza. Mafuta yalichachatika, unga ukavimba malengelenge. Haukufika hata mezani. Teódulo, shemeji yake, aliupokea ungali unatoa moshi.

Raundi ya saba kati ya tisa ilikuwa imeisha, na hakuna mpinzani aliyefanikiwa kuupiga mpira wa Radhamés. Jambo hilo halitamkwi mchezo ukiendelea. Kulitaja ni kulivunja.

"Shemeji, usizime huo moto," Teódulo alisema, mdomo umejaa. "Tangu uwashe, hawajamgusa."

"Unataka ushindi au unataka kula?"

"Vyote. Tumbo langu nalo ni shabiki."

"Shabiki gani, anko?" Yudelka, bintiye Ercilia, alimkatiza. "Juzi tu ulikuwa unamwita kaka yangu babu."

"Babu akishinda ni kijana. Kaanga, shemeji!"

Raundi ya nane ikaanza. Ercilia akainama kwenye redio. Mwanzoni mwa mchezo, kila mpira ulipotua kwa mdakaji, alisikia pwa, kavu na safi. Sasa alisikia pu, kama nguo mbichi inayoanguka sakafuni.

"Bega," alisema.

"Ni redio hiyo, mama. Betri."

Ercilia alijua betri na alijua bega. Mwaka jana daktari alilishona, akawaambia wote wawili: likichanika tena, hata kuchana nywele hataweza. Radhamés asingeomba kutoka, si leo. Na kocha gani angethubutu kumtoa mrushaji ambaye mpira wake haujapigwa?

Pu.

Mafuta yalikuwa yakingoja donge jingine. Mambo ya bahati hakuyaamini sana. Lakini Radhamés aliyaamini. Alijua mama yake yuko jikoni, na kwamba moto unawaka.

Akazima gesi.

"We! Umefanya nini?" Teódulo aliruka. "Washa! Shemeji, nakuomba, washa!"

"Mama!"

Ercilia akasimama mbele ya jiko, mikono imejaa unga, akawatazama. Hakuna aliyesogea. Mafuta yakapunguza kelele, yakanyamaza.

Kwanza sauti ilikuja kupitia dirishani, kabla ya redio: uwanja mzima ukiguna kwa pamoja. Kisha mtangazaji akasema mpira umepigwa, umeanguka katikati ya uwanja, na kocha anatoka kumchukua Radhamés. Watu walisimama kumpigia makofi. Timu yake ilikuwa bado mbele.

Teódulo alikaa chini kama aliyefiwa. "Watano walibaki, shemeji. Wapigaji watano tu wa kuwatoa! Jina la mwanao lingeandikwa ukutani pale uwanjani."

Ercilia alichukua donge la mwisho, akalifunika kwa kitambaa lisikauke. Moto angeuwasha baadaye, mlango ukigongwa.

"Atakuja kula," alisema kwa sauti ndogo, "kwa mkono uleule."