Picha za Katikati

Pamba iliyokaa juani ina harufu yake, ya vumbi na ya mafuta mepesi yaliyojificha ndani ya mbegu, na msimu ule nyumba yetu ya Nkololo ilinukia hivyo mpaka kwenye mablanketi. Magunia yalijaa chumba cha mbele, tukawa tunapita kwa ubavu. Mimi ni Doto. Pacha wangu ni Kulwa, mvulana aliyenitangulia kuzaliwa na ambaye hajaacha kunikumbusha hadi leo. Kwa mama yetu, mapacha walikuwa kitu kimoja kilichogawanywa mara mbili: nikipewa yai, Kulwa naye apewe yai, akinunuliwa Kulwa kaptula, mimi nisikose gauni. Kwetu Usukumani hilo si kudekeza watoto, ni heshima ya mapacha, na mama aliishika heshima hiyo kama alivyoishika Jumapili. Sisi tuliifurahia kwa sababu hadi wakati ule ilikuwa imetuletea mema matupu.

Mavuno yakiisha kwetu ni ngoma. Kulwa na mimi tulicheza mstari wa mbele katika kikundi cha watoto cha bugobogobo, ile ngoma ya majembe, tukirusha vijembe vya mti juu na kuvidaka bila kuvitazama. Kulwa alikuwa hodari, niseme ukweli ingawa unaniuma. Wiki za mwisho za kusomba pamba alipanda juu ya mkokoteni wa ng'ombe, juu kabisa ya magunia, gurudumu likaingia korongoni na mzigo wote ukalala ubavu. Ajali haina kinga. Alirudi kutoka hospitali ya Bariadi mjini na hogo, ile plasta nyeupe ya kufungia mfupa, mguuni kutoka kwenye nyonga hadi kwenye vidole, na wazee waliokuja kumpa pole walisema wazi, mbele yake, kwamba mguu wa namna ile huenda usirudi kama ulivyokuwa. Kulwa aliwasikiliza, kisha akageukia ukuta. Mimi nilichukua kijembe changu kwenda mazoezini, na mama akanisimamisha mlangoni. Kama Kulwa hachezi, na mimi sichezi. Ndivyo lile yai lilivyogeuka na kuwa viza.

Nilinuna, nyie! Nilinuna mpaka mama akaniuliza kama na mimi nimevunjika mdomo. Basi tukashinda ndani, wawili, tukibishana, na ubishi wetu mkubwa ulikuwa juu ya katuni. Kule senta palikuwa na kibanda cha video kilichotumia umeme wa sola, na kabla ya ajali tulikuwa tumeona katuni za aina mbili. Zile za zamani zilichorwa kwa mkono. Mistari yake ilikuwa ikitetemekatetemeka kidogo, na mti wa nyuma ulikaa kimya kama ukuta uliopakwa rangi. Zile mpya, za kompyuta, zilikuwa na watu wa mviringo wanaong'aa kama waliojipaka mafuta ya mgando, unaona hadi nywele zikipeperuka. Mimi nilikuwa wa kompyuta. Kulwa alikuwa wa mkono. Alidai kwamba katika zile za mkono unaona kabisa kuwa kuna mtu alikaa akahangaika, na mimi nikamjibu kwamba mtu anayehangaika si sifa, hata yeye anahangaika na hogo lake.

Njia ya kutengeneza katuni zetu wenyewe tuliipata kwenye maandazi. Bi Zuhura, mama wa Kitabora aliyekaanga maandazi pale senta, aliyafunga kwa kurasa za madaftari ya zamani, na mafuta yakishaingia kwenye karatasi inakuwa kama kioo cha ukungu. Kulwa aliweka karatasi moja juu ya nyingine, akaona mchoro wa chini kupitia ule wa juu. Kuanzia siku hiyo nilitumwa kuomba karatasi kwa majirani wote walionunua maandazi. Penseli iliteleza kwenye mafuta, tukajifunza kuzisugua kwanza kwa majivu ya jikoni ili zishike. Kulwa alichora mtoto ameweka jembe begani, halafu kwenye karatasi nyingine mtoto yuleyule na jembe likiwa hewani. Kati ya hizo mbili alinipa mimi kazi: jembe likiwa limeinuka kidogo, kidogo zaidi, goti likikunjika, bega likishuka. Tulizishona kwa sindano ya magunia, tukazipuruza kwa dole gumba, na mtoto akacheza. Wallahi, alicheza. Kulwa alicheka kwa mara ya kwanza tangu mkokoteni uanguke, na mimi nikasahau kwamba nilikuwa nimenuna.

Panya nao walizipenda karatasi zile, maana zilinukia maandazi. Asubuhi moja tulikuta wamekula picha za katikati, zile zangu, wakaacha za Kulwa za mwanzo na mwisho. Tulipozipuruza, jembe lilitoka begani likatokea hewani ghafla, halikupita njia yoyote. Nilianza upya kuzichora, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi yangu, niliyoiona ya kibarua, ndiyo iliyokuwa mwendo wenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tulichora ngoma nzima hivyo, Kulwa akiamini kabisa kwamba akimaliza kuichora na mguu utakuwa tayari kuicheza. Hakusema, lakini nilijua, na niliogopa kwa ajili yake.

Hogo lilikatwa. Kulwa alisimama, akapiga hatua, na mwili wake ukazama upande wa kushoto. Mguu ulikuwa umeunga, ila umekuwa mfupi. Tulisubiri wiki, tukasubiri mwezi, tukiambiana kwamba ni uzito wa hogo bado haujatoka mwilini. Haukuwa uzito wa hogo. Msimu uliofuata mama aliniita uani, akanipa kijembe changu, akasema bila kunitazama, "Nenda kacheze, Doto. Hamko sawa tena." Nilikuwa nimeitaka ruhusa hiyo mwaka mzima. Nilipoipata nililia njia nzima, na ngoma nikaicheza vibaya.

Leo ninatengeneza katuni za watoto Mwanza, kwa kompyuta, kama nilivyotaka. Kulwa anaandika mabango ya maduka Bariadi mjini, na anachora. Filamu yetu fupi ya mapacha wacheza ngoma tumeitengeneza pamoja: yeye anachora kwa penseli, anapiga picha kwa simu na kunitumia, mimi ninaujenga mwili kwenye mashine. Watu huniuliza ipi bora, ya mkono au ya kompyuta, na siku hizi sina ule ubishi. Kwenye mashine bado ninaweka pozi la mwanzo na la mwisho, kama alivyofanya Kulwa. Hata ile hali ya kuona mchoro wa chini kupitia wa juu ipo, unabonyeza tu, bila majivu wala panya. Tofauti ni kwamba picha za katikati sasa inazichora mashine. Mimi wa utotoni nimeshapata mrithi, tena asiyenuna.

Nilikwenda nyumbani Nkololo na kompyuta yangu, tukakaa uani mchana, mama, Kulwa na mimi, nikawaonyesha pale kijana wa filamu, yaani Kulwa mwenyewe baada ya hogo, anapotoka nyumbani kwenda uwanjani. Nilikuwa nimeweka pozi za Kulwa kama alivyozichora, mashine ikajaza katikati, na kwa kujaza ikalainisha. Kijana alitembea sawasawa. Hakuchechemea hata kidogo. Sikuwa nimeliona hilo mpaka nilipouona uso wa mama. Alishika mdomo, akaomba nirudie, nikarudia, akaomba tena. Miaka yote alikuwa ameombea mguu ule, na sasa alikuwa anautazama umepona. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwacheni hivyo."

Nilitaka kumwacha. Nani angeumia? Lakini Kulwa alikuwa ameinama karibu na kioo, anamtazama kijana yule kama mtu anayetazama mgeni aliyevaa shati lake.

"Mayu," akamwambia mama, taratibu, "huyu anatembea vizuri. Lakini huyu hakukalishwa ndani na hogo. Huyu hajui kuchora."

Mama aliinuka akaingia ndani, na sisi tukadhani tumemkosea. Nilianza kuzifuta hatua za mashine na kuzichora upya kwa mkono, moja baada ya nyingine, bega likizama, kisigino kikichelewa. Baadaye nikasikia kigoda kikiburutwa. Mama alikaa nyuma yangu, akatazama muda mrefu, kisha kidole chake kikapita begani kwangu kikagusa kioo.

"Hapo umemharakisha," akasema. "Mwanangu hatembei hivyo."