Bi Mwanakhamis Awasha Bustani

Kwetu Shumba Viamboni tukiona taa za rangi zimetundikwa nje ya nyumba, hatuulizi kuna nini. Kuna harusi. Basi magharibi ile zilipowaka kwa Bi Mwanakhamis, mjane ambaye hata mwaka haujatimia tangu atoke eda, kijiji kizima kikajua kuwa bibi anaolewa na aibu hana.

Mimi nilijua si harusi. Naitwa Nahla, ni jirani yake ua kwa ua, na miche ya asumini iliyopo pale imetoka kwangu. Lakini nilifunga mdomo. Nilitaka kuuona uso wa Ngwali.

Ngwali ni shemeji yake, mdogo wa marehemu Masika. Nyumba ile na kiwanja chake Bi Mwanakhamis alirithi kwa babake. Masika alihamia pale na begi lake tu. Ila mbele ya nyumba, palipokuwa na bustani ya mamake bibi, Masika alikata mikilua, miti ya maua ya kunukia, akabakisha mmoja pembeni, akamwaga sakafu ya saruji ya kuanikia karafuu. Bibi hakusema kitu. Miaka yote ya ndoa yake alifagia makonyo, vile vijiti vya karafuu, juu ya saruji ile, na mimi nikimtazama hasira zinanipanda kwa niaba yake.

Masika alipofariki, bibi akakaa eda ndani, haonani na wanaume. Ngwali hakungoja. Alileta majamvi yake ya kuanikia karafuu akayarundika barazani, kisha akamtuma mkewe na maneno: eda ikimalizika, bibi afunge nyumba ahamie kwake Konde, maana mwanamke peke yake katika nyumba ya giza mwisho wa kijiji ni fedheha kwa ukoo. Huruma gani hiyo! Alichotaka ni sakafu. Na bibi angefunga mlango ule, nani angemfungulia tena?

Eda ilipokwisha bibi alioga, akavaa nguo mpya kama ilivyo ada, akaja kwangu kuazima sururu.

"Wataka kulima nini na sururu?" nikamuuliza.

"Silimi. Nnavunja."

Akaivunja saruji kidogo kidogo, kila asubuhi kabla jua halijawa kali, na waliopita wakamwita mwehu. Akapanda asumini na mrehani, akaupogoa mkilua wa mamake mpaka ukachipua. Kisha akamwita Suhail, fundi umeme, amtundikie taa kutoka barazani mpaka kwenye mkilua na amfungie spika juu ya mpera.

"Si Ngwali alisema nyumba ya giza?" akaniambia. "Haya."

Basi zilipowaka, spika nayo ikatoa taarabu ya zamani, wanawake wakamiminika na vigelegele. Wengine walikuja na mikate ya ufuta chini ya kawa, wengine na midomo yao tu. Bwana harusi nani? Bi Mwanakhamis akacheka. Akayatoa majamvi ya Ngwali yote barazani, akayatandika bustanini, akatukaribisha kahawa. Mimi nilikaa katikati, nikanyoosha miguu.

Ngwali akafika na pikipiki, kanzu imekaa upande.

"Shemegi! Ntu gani huyo anokuoa bila siye kujua?"

"Hapana ntu."

"Na taa hizi?"

"Za bustani."

"Bustani!" Akaangalia chini, akayaona maua palipokuwa na saruji. Uso ule sitausahau, na wala sioni haya kusema kwamba niliufurahia. "Sakafu ya kaka yangu iko wapi?"

"Kaka yako kaimwaga juu ya maua ya mamangu, nami nikanyamaza, alikuwa mume wangu. Weye si mume wangu."

"Zima taa, funga mlango, twende. Watu wanakutazama!"

"Nimewasha wanitazame. Kiwanja cha babangu, Ngwali. Mbele ya hawa wote, sema kama si chake."

Angesemaje si chake, na nusu ya wale wanawake walikuwepo siku Masika anaingia na begi? Akageukia lililobaki. "Basi nipe majamvi yangu."

"Chukua. Waombe waliokaa wainuke."

Hakuinuka hata mmoja. Bi mkubwa mmoja akamsogezea kikombe cha kahawa, akakikataa. Alisimama katikati ya wanawake, hana pa kuiweka mikono, mpaka adhana ya isha ikatusaidia sote. Bi Mwanakhamis alizima spika pale pale.

"Nenda kaswali, shemegi. Asubuhi utayakuta barabarani, nitayakunja mwenyewe."

Akaondoka. Karafuu zake mwaka huu anazianika kando ya lami kama watu wengine.

Tulipokwisha kuswali bibi akawasha tena muziki. Akachuma vilua na asumini, akakaa chini ya taa kufunga kikuba, akakibana kifuani. Sisi tuliokuwepo tukatazamana, maana kikuba mwanamke humvalia mumewe. Bi mkubwa akashindwa kuvumilia.

"Mume huna. Wamvalia nani?"

"Nnanusa miye," akasema Bi Mwanakhamis, akanyoosha mkono kuongeza sauti.