Siku Tisa za Kuanguka

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, Jumanne, nilifungua kamusi ya Kiingereza kwenye neno "fall", nikidhani ningelimaliza kabla ya chai. Lilinichukua siku tisa.

Mimi ni fundi wa injini za boti. Kiingereza najifundisha mwenyewe, nyumbani Katubuka, kwa utaratibu mmoja: naanzia herufi ya kwanza, nafuata kila neno hadi maana yake ya mwisho, na kila maana naiandikia sentensi mbili daftarini. Siruki ukurasa. Lakini safari hii nilikuwa na haraka. Bega langu la kulia halinyanyui tena injini, na nyumba moja ya wageni mjini ilitafuta mtu wa kuwatembeza watalii ziwani. Usaili ulikuwa baada ya siku kumi.

Neno lenyewe lilinichosha. Kwetu tunda hudondoka, ukuta huporomoka, bei hushuka, usiku huingia. Kila jambo lina kitenzi chake. Waingereza wamevirundika vyote humo, pamoja na kusinzia na kuugua.

Siku ya tano mke wangu alichungulia daftari.

"Hapa umeandika nini?"

"Kupenda. Wao husema mtu ameanguka."

"Ndiyo maana hawadumu. Baba watoto, mimi hukunipata kwa kuteleza. Ulileta wazee wanne pamoja na nusu ya mahari."

Fundi mwenzangu, tunayetumia naye banda moja Kibirizi, aliomba kazi hiyohiyo. Yeye alikariri sentensi kumi na mbili za botini, basi.

"Fundi, achana na hilo neno," aliniambia. "Mzungu akipanda boti atakuuliza choo kiko wapi."

"Nikiruka moja nitaruka yote."

"Haya, baki hukohuko. Tukipita tutakupungia mkono."

Kwenye usaili, mama mwenye nyumba ile ya wageni alinikabidhi jaketi la kuokoa maisha akataka nimweleze, kwa Kiingereza, linavyovaliwa. Kuvaa, kukaza, kiuno: maneno hayo yalikuwa mbele sana kwenye kamusi, na yale niliyoyasoma shuleni yalinitoroka. Nilijua namna kumi na tisa za kuanguka. Nikamwambia asianguke majini. Akasubiri. Nikarudia.

"Na mikanda hii, fundi?" aliuliza kwa Kiswahili, taratibu, kama anayemsemesha mgonjwa.

Mwenzangu aliingia baada yangu, akatoka na kazi.

Simchukii. Kinachoniudhi ni kwamba utaratibu wangu ulimfaa mtu mwenye miaka kumi mbele yake, nami nilikuwa na siku kumi. Hesabu hiyo ningeweza kuipiga Jumanne ileile. Sikuipiga.

Yeye hulipwa laki nne kwa mwezi. Leo imetimia miezi saba, na mimi bado nainamia injini kwa bega moja. Nimekosa shilingi milioni mbili na laki nane.