Kindi wa Shimo la Tatu

Mzee ninayemhudumia kule Southall amebandika orodha ya safari kwenye mlango wa friji, na kila asubuhi nikiingia nakuta ameongeza kitu. Kofia ya jua. Dawa za presha za mwezi mzima. Soksi nene. Jana aliandika mto mdogo, akaukata, akauandika tena chini yake. Mkwe wake aliyeko Amerika amemwalika wakapige bunduki vinyama fulani vya huko, vinavyoishi mashimoni kwenye mbuga za nyasi, vinavyoitwa mbwa ingawa si mbwa. Vinatoboa malisho mpaka ng'ombe wanavunjika miguu, ndivyo mkwe alivyosema, na mimi sina sababu ya kumbishia.

Mzee hajawahi kupiga mnyama maisha yake yote. Alizaliwa Nakuru akauza vitambaa, akaja huku akauza vitambaa. Sasa ana miaka sabini na minane na kiti hakimshiki. Anazunguka sebuleni, analaza ufagio juu ya mto wa kochi, anafumba jicho moja, analenga birika. Ndege zinazoshuka uwanja wa Heathrow zikipita juu ya paa anainua kichwa kila mara, kana kwamba mojawapo imekuja kumchukua yeye.

Juzi alinionyesha picha kwenye simu. Kinyama kimesimama wima kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani, kama mtu anayengoja jina lake liitwe kliniki.

"Mama, wewe mtu ya shamba," aliniambia kwa Kiswahili chake cha dukani, ambacho kwa haki ni kizuri kuliko Kiingereza changu. "Ulipiga kama hii?"

Nikasema hapana. Kisha nikaenda jikoni kukanda unga wa chapati, na mikono yangu ikaanza kazi ambayo sikuituma. Ilikuwa inafinyanga vidonge vidogo vya unga, ukubwa wa gololi, na kuvipanga kwenye ukingo wa sinia. Nilipovitazama vilikuwa kumi na kimoja. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimemwambia mzee uongo, au nusu yake.

Ngoja nikueleze, na unisamehe nikipotea njiani. Mimi shule niliishia darasa la nane, naandika kwenye daftari hili kama ninavyosema.

Kwetu ni Ukambani, upande wa ukavu, na kama umekulia huko unaijua ile wiki kabla ya mvua. Udongo unanuka kama chungu kitupu kilichosahauliwa juani. Mashamba yamelimwa, yanangoja. Watu wanaongea kidogo, wanatazama juu sana. Na kule kwenye mwinuko juu ya shamba la nyanya yangu mzaa mama, kindi wa ardhini walikuwa wanangoja pia. Hawa si wale wa kupanda miti, wala si wasio na haya kama hawa wa bustani za Hayes ninakoishi, wanaokula mkononi mwa mtu. Wa kwetu walichimba mashimo, na mbegu ikishaingia ardhini walifuata mstari wa jembe wakiifukua moja moja, kwa utaratibu, kama wameajiriwa. Nyanya alikuwa akisema, "Kindi hali mahindi, anakula mwaka wako."

Kwa hiyo kila msimu, Jumamosi ya mwisho kabla ya kupanda, mjomba alipanda mwinuko na manati kuwapunguza. Alichukua mtoto mmoja tu. Wawili, alisema, hunong'onezana. Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa, na nilitaka kuwa mtoto huyo kuliko nilivyotaka chochote, hata viatu.

Tulikuwa wawili tunaogombea, mimi na binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyenizidi mwaka mmoja. Maandalizi yalichukua wiki nzima na sidhani nililala vizuri siku hata moja. Panda ya manati inakatwa kwenye mpera, kwa sababu mpera haudanganyi, unapinda kabla ya kuvunjika. Mpira unatoka kwenye tyubu ya baiskeli. Kile kipande cha ngozi cha kushikia jiwe nilikikata kwenye ulimi wa kiatu cha marehemu babu, na kwa hilo nilichapwa, kwa haki. Risasi zenyewe hazikuwa mawe, maana jiwe hupinda njiani. Zilikuwa vidonge vya udongo wa kichuguu. Unauponda, unaupepeta, unauloweka kidogo, unaufinyanga viganjani, kisha unauanika kivulini siku mbili kabla ya kuuchoma kwenye majivu ya jiko. Mimi kwa haraka yangu nilivianika juani. Vikapasuka vyote.

"Huyu ataenda kuwarushia kindi unga," binamu alisema, na mjomba akacheka hadi akakohoa.

Siku ya Alhamisi mjomba alitutundikia kopo. Kila mtu mitupo kumi. Binamu alilipata mara sita, mimi mara nne. Sitaki kusema upepo. Hapakuwa na upepo.

Lakini mimi nilikuwa na jambo langu la siri, na hapa ndipo penye uzito. Tangu Jumatatu nilikuwa nikipanda mwinuko kila jua linapokuwa utosini, nikiweka punje za mahindi kwenye midomo ya mashimo manne, kisha najificha nyuma ya kichaka nione ni lipi lenye watu. Nilifikiri kama shabaha yangu ni mbovu, basi nitampelekea mjomba habari ambayo binamu hana. Shimo la tatu ndilo lililokuwa bora. Alitoka kindi mnene mwenye mkia uliokatika, na kufikia Alhamisi alikuwa anatoka kabla sijaondoka, anasimama wima, ananitazama akitafuna.

Zile punje nilizitoa kwenye kibuyu cha mbegu. Mahindi ya kula yalikuwa kwenye gunia lililoshonwa mdomo, nami sikuweza kulifungua bila kujulikana. Mbegu zilikuwa wazi tu pale darini juu ya jiko, zimechanganywa na majivu ili dumuzi wasizile. Nilichota kiganja leo, kiganja kesho. Mtoto haoni kibuyu kikipungua.

Nyanya aliona. Ijumaa jioni alikishusha, akakipima uzito kwa mkono, akatuita. Hakupaza sauti. Alisema tunyooshe mikono. Yangu nilikuwa nimeifuta kwenye gauni tangu mchana. Ya binamu ilikuwa na majivu hadi kwenye kiwiko.

Na sasa nikuambie kwa nini. Alikuwa ametoka kuchakura majivu ya jiko akinitolea vidonge. Siku ile ya mzaha wa unga alinifinyangia vingine bila kuniambia, akavianika kivulini, akavichoma yeye. Kumi na kimoja. Alikuwa amevificha kwenye kofia yake, nami nilivikuta humo baadaye.

Hakujitetea sana. Alisema ni majivu ya jiko, mara moja, kisha akanyamaza, na nadhani alininyamazia mimi ili nyanya asijue ananisaidia. Au labda alinyamaza kwa hasira. Sina hakika, na si haki nimvike wema ambao sikuuona kwa macho. Ninachojua ni kwamba nyanya aligeuka akaniuliza, "Wewe, unajua chochote?"

Nikasema sijui.

"Basi kesho utaenda wewe."

Mjomba alinipa manati ya binamu kwa kuwa ilikuwa nzuri kuliko yangu. Tulipanda mwinuko jua limeanza kuchoma, mimi nikiwa na vidonge vyake na manati yake, miguu hainitulii. Nilimwonyesha mjomba shimo la tatu. Akaniuliza nimejuaje, nikasema nimeona nyayo. Tukalala kifudifudi. Hatukungoja hata kidogo. Yule mwenye mkia uliokatika alitoka, akatutazama, akaja hatua tatu kuelekea kwangu, akasimama wima na mikono kifuani.

Mjomba alininong'oneza, "Huyu mnajuana?"

Niliachia. Kidonge kilipasuka kwenye udongo, kama kiganja kimoja kutoka kwake. Akazama shimoni, na hakuna kindi aliyetoka tena siku ile. Nimekaa na mtupo ule miaka arobaini na mpaka leo sijui kama nilikosa kwa kutaka, au kwa kutetemeka, au kwa sababu mimi ni yule yule wa mara nne kati ya kumi.

Tulipopanda, mbegu hazikutosha. Mistari miwili ya mwisho ya shamba la juu ilibaki mitupu msimu mzima, na kila nilipotumwa kuni nilizunguka nisiione. Binamu alikuwa amekaa kwenye ua siku ile niliporudi kutoka mwinukoni. Aliuliza tu, "Ulipata?" Nikasema hapana. Akachukua manati yake, akauvuta mpira kuona kama nimeuharibu, akaingia ndani.

Basi nimemwambia mzee ukweli. Nilimwambia nilipiga mara moja, nikakosa. Aliwaza kidogo akauliza kama mnyama alikuwa mbali. Nikamwambia hapana, alikuwa karibu sana. Alikwenda kwenye orodha akasimama mbele yake na kalamu, asiandike kitu.

Jioni hiyo, nikiwa kwenye basi la kurudi Hayes, nilimtumia binamu ujumbe wa sauti. Nilisema yote, kuanzia kibuyu hadi mistari miwili. Sauti yangu ilikuwa chini kwa sababu ya watu, nikaogopa hatasikia, nikarudia mwisho wake mara mbili. Sikula vizuri. Simu niliishika kama yai.

Amejibu leo, nikiwa nampimia mzee presha. Nyuma yake nilisikia kuku, na watoto wake wakigombana. Alisema mwinuko umeuzwa viwanja, una nyumba za mawe na tangi la maji, na kindi hakuna hata mmoja. Mbegu sasa wananunua kwenye pakiti, zimepakwa rangi nyekundu, hata majivu hayahitajiki. Kisha akasema, pole dada, hiyo ya kibuyu siikumbuki kabisa. Labda alikuwa mtoto mwingine. Anachokumbuka yeye ni kwamba nilikuwa sijui kuanika vidonge, akanitengenezea vizuri, na kwamba sikuwahi kumwambia vilirukaje.

Nimeusikiliza ujumbe wake mara tatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, hata kwa msamaha, na sikujiandaa kwa hili. Sasa ni mimi peke yangu ninayejua kwamba mistari ile miwili ilikuwa mitupu. Nyanya hayupo, mjomba hayupo, mwinuko wenyewe hauko.

Mzee aliniuliza mbona mkono wangu umesimama juu ya mashine. Nikamwambia hakuna kitu, natafuta namna ya kumjibu mtu. Kisha nikaiweka simu mdomoni nikamwambia binamu jinsi vidonge vyake vilivyoruka: nilirusha kimoja tu, kilikwenda moja kwa moja, hakikupinda hata kidogo, kosa lilikuwa langu.