Ndugu Wawili wa Tanuri la Mabela

Juzi Mabela, kwenye tanuri la mkate, niliwauliza waokaji wawili wa Kiafghani kama ni ndugu, maana sura zao zile zile.

"Babu zetu walikuwa baba mmoja mama mmoja," akasema mkubwa kwa Kiarabu cha hapa, akibandika mkate tanurini. Kisha akanionesha mwenzake kwa kidevu. "Lakini huyu kabila lake Mhazara. Mimi si Mhazara."

"Imekuwaje?"

"Babu yake alibaki Shia. Babu yangu aliingia Usuni apate kuishi. Na kwetu ukisema Mhazara, watu wanasikia Shia."

Mdogo akafuta unga mikononi. "Hata wanaotuua wanasikia hivyo hivyo," akasema, wala hakupandisha sauti.

Ikaadhiniwa, tukenda msikiti wa jirani. Katika sala mkubwa akafunga mikono, mdogo akaiachia kama tunavyoiachia sisi Waibadhi, na hapana aliyewashughulikia.

Mimi Unguja nilikuwa Mwarabu, hapa kwa Waarabu nimekuwa Mswahili, na kila siku nnalalamika. Lakini ndugu zangu hawajanikana.

Tuliporudi nikamuuliza mkubwa, "Na baba wa hao babu, yeye alikuwa nani?"

Akachukua donge la unga, akalikanda.

"Huyo," akasema, "kwetu hatajwi."