Kuku Sitini na Mmoja

Damari hakuzaliwa mnung'unikaji, ila mwaka 1975 ulimfundisha akahitimu. Kijiji chao kipya karibu na Ikungi kilikuwa hakijatimiza mwaka, watu wameletwa kwa malori na vyungu vyao, na aliyetaka kufanya kazi ya maana, kwa maoni yake, alikuwa yeye peke yake.

Kazi yenyewe ilitoka mbali. Kampuni moja ya dawa ya Uholanzi ilikuwa imetengeneza chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku kila kiangazi, ikasema chanjo hiyo haihitaji jokofu. Ikaingia ubia na kijiji: kampuni ilete chanjo na mtaalamu, kijiji kitoe kuku na mchanjaji. Wakichanjwa kuku mia tatu siku ya kwanza, chanjo italetwa bure miaka mitatu. Wasipofika, kampuni itatafuta kijiji kingine. Damari alichaguliwa mchanjaji kwa kuwa alijua kusoma, na kwa kuwa kila mwaka kideri kilimwachia manyoya tu.

Laurian, bwana mifugo, alimfundisha: tone moja jichoni, kuku mmoja mmoja. Vichupa Damari alivihifadhi ndani ya chungu alichokifukia nusu kwenye mchanga, mchanga akaumwagia maji asubuhi na jioni. Yule mtaalamu wa kampuni, Mholanzi, alitumbukiza kipimajoto chake humo, akacheka kwa furaha, akaandika kurasa mbili. Damari akaona mambo yameiva.

Siku ilipofika, watu walikuja na kuku wao. Lakini kuku gani hao! Huyu chongo, yule anachechemea, na majogoo waliozeeka hata kuwika wamesahau. Alipomaliza kuwatia tone alikuwa na kuku sitini na mmoja. Na kila alfajiri kijiji hicho hicho kilimwamsha kwa kelele za majogoo!

Hakuwa na haja ya kuuliza. Uvumi ulikuwa umezunguka kwamba kuku watakaochanjwa wataandikwa, na wakishaandikwa watahamia banda la ujamaa. Damari alipita nyumba kwa nyumba akiwasihi, na mate yakamkauka. Ezekieli, balozi wa nyumba kumi, aliapa kwamba hana kuku mwingine, huku mmoja akilia uvunguni mwa kitanda chake.

Aliporudi kwake alikuta banda karibu tupu. Mumewe, Alphonce, alikuwa amewapeleka mitetea wanane wa Damari, aliowalea tangu vifaranga na kukusudia kuwachanja jioni hiyo, wakafichwe kwa dada yake upande wa pili wa kijiji. Akamwachia kuku mmoja mzee mwenye kidole kilichokatika, ambaye Damari alikuwa amemchanja asubuhi kuwaonyesha watu mfano.

"Mama Theodora, serikali ikishahesabu kitu, si chako tena," alimwambia.

Damari alitamani kulia, akaishia kubamiza mlango wa banda. Mholanzi alihesabu mara mbili, akashukuru kwa adabu, akaondoka. Barua iliyofuata ilisema kijiji hakina kuku wa kutosha.

Kideri kiliingia Oktoba. Ndani ya wiki mbili kelele za alfajiri zikanyamaza. Walikufa wa uvunguni kwa Ezekieli, wakafa wa kwenye vihenge, na kwa wifi yake Damari mitetea wote wanane wakatupwa shimo moja. Waliobaki wakitembea njiani ni wale machongo na wachechemeaji, sitini kamili, maana mmoja alibebwa na mwewe.

Ezekieli akaja, kofia mkononi, akamwomba Damari amwandikie yule mzungu arudi.

"Nimwandikie nini, balozi?" Damari alimuuliza. "Kwamba dawa yake ni nzuri, imeponya wote tuliotaka wafe?"

Pembeni Alphonce alikuwa amechuchumaa, akimmwagia yule kuku wa kidole kilichokatika mtama aliokuwa amewawekea wale wanane.